Niliishonea Tanga Mashua Iliyoninyang'anya Mume

(Barua hii imetufikia kutoka Tabora. Mwandishi ametuomba tulifiche jina lake, nasi tumelificha.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu ni miaka ishirini na minne kwa hesabu ya mama yangu. Nakaa Chemchem hapa Tabora. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne tu, basi mkiona nimekosea mnisamehe, na huyu wa mwisho yuko mgongoni anavuta karatasi. Haya sijamwambia hata padri.

Mume wangu tulifunga ndoa kanisani. Alikuwa kibarua wa reli, lakini mazungumzo yake yote yalikuwa ziwa. Alisema babu yake wa Kwihara alikwenda Ujiji kwa miguu na mzigo wa matajiri kichwani, yeye atakwenda kwa treni na atapata chombo chake mwenyewe, abebe mawese na dagaa. Akasikia kuna mzee Ujiji anapoteza macho, anauza mashua yake ya tanga iliyokwisha tumika miaka mingi. Tukakaa ukoo mzima. Mama mkwe akatoa asali ya msimu mzima, mimi nikatoa ng'ombe wawili niliopewa na baba. Majirani wakatucheka: "Wanyamwezi na mashua! Itaelea wapi, kwenye ndoo?"

Mume wangu akaenda na mama yake kuitazama. Waliporudi walisema mzee amewapunguzia sana, hata ng'ombe wangu mmoja amebaki. Nikauliza, "Mbona rahisi hivyo? Haina tundu?" Mama mkwe akanijibu, "Ni nzima, mwanangu. Mzee ametupenda tu." Nami nikajivuna kisimani, nikawaambia wenzangu mume wangu ana ulimi wa kununua.

Kilichokuwa kibovu ni tanga. Nikasema nitalishona mimi. Nilikuwa na mimba ya huyu wa mgongoni, miguu imevimba, nimekaa uani na kitambaa cha amerikani kimenifunika mpaka kifuani. Uzi niliupaka nta ya mizinga ya baba yangu ili maji yasiuoze, na kila mshono niliupitisha mara mbili. Tanga likaenda, na mume akaenda nalo. Tangu hapo anakuja nyumbani kama mgeni, siku mbili tatu anaondoka.

Kila mwezi alinitumia gunia la dagaa kwa mkono wa Mzaramo mmoja anayefanya kazi kwenye treni ya Kigoma. Mnajua sisi na Wazaramo ni watani, hakuna neno linalomkosea mwenzake. Yule bwana alikuwa akianza kupiga kelele tangu njiani: "We mtani! Njoo upokee dagaa walioanikwa na mke mwenzio!" Nami namjibu, "Mwambie apunguze mchanga, mvivu huyo!" "Anasema wewe umezeeka, mume hakutaki tena!" "Mwambie aje nimfundishe kupika, mume asimfie kwa njaa!" Mtaa mzima unacheka. Mama mkwe naye anacheka, anafuta machozi kwa kanga. Mwaka mzima nimecheka hivyo.

Mwezi uliopita alikuja kimya. Hakuleta gunia, alileta tanga langu limepasuka, nilishone upya. Akaliweka chini, akasema, "Hujambo, mama." Kuniita mama! Nikamwuliza, "Mtani, nani amekufa?" Akasema hakuna. Nikalikunjua tanga, nikaona kiraka. Kimeshonwa vizuri, mshono umepita mara mbili kama wangu, lakini si mkono wangu, wala si mkono wa mwanamume.

"Nani ameshona hapa?"

Akatazama chini. "Mtani, mimi nimekwambia kila mwezi. Wewe ukacheka."

"Ule ulikuwa utani!"

"Ningekwambia kwa mdomo gani mwingine? Sina ruhusa nyingine katika nyumba ya watu. Lakini leo nimeshindwa. Yule binti ana mimba kubwa, ananituma nikwambie, wifi yangu njoo uniuguze nikijifungua, mimi sina mama. Mumeo amemwambia aliyeshona tanga ni dada yake."

Wifi! Nikaingia kwa mama mkwe, yuko anachambua mchele. Hakukataa. "Mzee alisema hauzi chombo kwa mtu baki, anampa mkwewe, atakayemwoa binti yake. Tungefanyaje? Ng'ombe wako amebaki, watoto wanakula. Na wewe ndiye wa kanisani, nani atakuondoa?"

Nikamwambia, "Mama, huyu mtoto nilimzaa nimekushika mkono. Na ulikuwa unajua."

Akaendelea kuchambua mchele.

Basi ndiyo bei yenyewe. Kilichopunguzwa pale Ujiji kilikuwa mimi, nami nilishangilia.

Sasa tanga liko chumbani kwangu. Mume ametuma neno nifanye haraka, mashua imekaa mchangani, na mwezi huu dagaa hawajaja. Nikilikata, linatosha kaptula za wanangu wawili na shuka mbili, na mashua ile haitatoka tena kwa mkono wangu. Lakini wanangu wanakula kwayo. Na yule binti hakuniibia kitu, amedanganywa kama mimi, tena alijifundisha kushona kwa kuutazama mshono wangu. Mara nyingine nawaza nilishone, nilibebe mwenyewe kwenye treni na wanangu watatu, nifike nimwambie, "Mimi si wifi yako." Halafu nakumbuka ana mimba, neno kama hilo linaweza kumwangusha.

Mliokwisha kupita njia hii, nisemesheni. Nilishone nilitume kimya, nilikate, au nilipeleke mwenyewe? Uzi nimekwisha kuupaka nta. Sindano bado sijaitia.