Muundi wa Afisa

Aliyewahi kufika Koboko kwenye harusi ya Wanubi hahitaji kuambiwa doluka ni nini. Wanawake hujifunga gurbaba zao zilizotariziwa maua, ngoma huwekwa chini zikapigwa kwa mikono, na mchezo ukikolea hata mtu aliyetumwa dukani kwa haraka husahau alichotumwa. Na katika mchezo huo hapakuwa na miguu kama ya mwanamke aliyeitwa Afisa, binti wa sajini. Akikanyaga yeye, wapigaji wenyewe walinyanyua vichwa. Wenye wivu, nao hawakosekani mahali, walisema anajionyesha. Ndiyo, alijionyesha! Mwenye nacho afanyeje, akifiche?

Mwaka wa sabini na tisa miguu ile ikapewa kazi nyingine. Serikali ilianguka, askari walioshindwa wakapita mbio kuelekea mpakani, na kila mwenye baba, mume au kaka jeshini akafunga mzigo kabla ya kisasi kumfikia. Afisa alivuka kuingia Sudan akimburuta kwa mkono binti yake wa pekee, Sadiya, aliyekuwa na miaka minane hivi. Njiani waya wa uzio ulimkwaruza mama muundi, pale mbele ya mguu chini ya goti, pasipo na nyama hata ya kumshibisha kuku. Alipaka mate, akaendelea na safari.

Mkwaruzo ule ukakataa kupona. Ukawa kidonda, kidonda kikawa donda ndugu, na donda likatanuka mpaka likajaza kiganja. Alilipaka majivu, akalifunga majani, akalinyunyizia unga wa vidonge vya sokoni. Likipata nafuu na kuanza kujifunga pembeni, safari moja tu ya kuni ililifungua tena. Mumewe alifia ukimbizini kwa homa, wakimbizi wakaanza kurudi nyumbani, Afisa naye akarudi Koboko na donda lake kama mtu aliyerudi na mzigo wa mwenzake. Alisuka sinia za ukindu za rangi na kuziuza sokoni, mguu ameufunika kwa kanga, na wateja walimpenda lakini walisimama upande upepo unakotoka. Kwenye harusi alipiga ngoma akiwa ameketi pembeni. Kucheza, alikuwa ameacha.

Mwaka wa themanini na tisa Sadiya akachumbiwa na fundi baiskeli mmoja, kijana wa watu, na furaha ikaingia nyumbani. Lakini Sadiya alikuwa na sharti lake.

"Mama, mimi nakumbuka ile doluka yako ya zamani," alisema. "Siku ya harusi utacheza. Kama hapana, mimi sitoki ndani."

Ndipo Afisa akapanda lori la tumbaku, akapita Arua mjini na kuteremka Kuluva, kwenye hospitali ya misheni. Wadi ya vidonda ilikuwa chini ya Drani, tabibu Mlugbara mwembamba aliyependa kazi yake kiasi cha kuudhi. Kila mtu alimwita Daktari. Alilifunua donda, akaligusa ukingo, na tabasamu lake likatoweka.

"Mama Sadiya, hii ukingo yake mimi sipendi. Imekuwa ngumu, imeinuka."

"Ni mbaya?"

"Leo bado. Lakini donda ikikaa miaka mingi, ngozi ya pembeni inajaribu kufunga, inashindwa, inajaribu, inashindwa. Mwisho inaweza kuwa kichaa, inaota bila kusikia mutu. Hiyo ndiyo kansa. Tutajaribu kupanda ngozi mpya. Ikikataa, tutakata mguu kabla ya hiyo kichaa kufika."

"Kukata wapi?"

Drani akaonyesha kwa kidole, chini kidogo ya goti. Afisa akaukazia macho mguu wake, na kwa mara ya kwanza tangu uzio ule akaupenda, na donda lake na harufu yake na yote.

Donda likaoshwa kwa maji ya chumvi siku baada ya siku, mpaka likawa jekundu na safi. Siku moja wakisubiri, Drani akamwita kwenye chumba cha maabara, penye darubini iliyowekwa dirishani ipate mwanga wa jua. Alimkwangua ndani ya shavu kwa kijiti, akapaka ule ute kwenye kioo, akatia tone la dawa ya rangi. "Angalia."

Mwanzoni Afisa aliona kope zake tu. Halafu, loo! Vikajitokeza vitu vyembamba, bapa, kila kimoja na doa jeusi katikati.

"Hii ni nini?"

"Ni wewe. Hizi tunaita seli. Mwili yote ni hizo, zimepangwa, zimeshikana."

"Hii ni mimi?" Akaangalia tena. "Mimi iko mingi hivi!" Akacheka kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Alidai kuangalia kwa jicho la kushoto pia, asije akadanganywa na la kulia.

Drani naye alipata alichokuwa akikitafuta, yaani mtu wa kumsimulia. Akamwuliza, "Mlipotoka Sudan mkakuta shamba imekuwa pori, mlifanya nini?"

"Tulifyeka. Kila mutu kutoka kwake."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kukutana na jirani. Ukigusa mpaka yake, unaacha."

"Basi ngozi ni hivyo! Seli ikiona upande moja hakuna jirani, inajilaza bapa, inatoa kama mguu, inatambaa. Ya nyuma yake inapata habari, inajigawa, moja inakuwa mbili, nafasi inajaa. Ikiguswa na wenzake pande zote, inatulia, inarudia umbo yake."

"Na ile kichaa?"

"Hiyo inafika mpaka ya jirani, inaendelea kulima tu."

Afisa akatikisa kichwa. Watu wa namna hiyo aliwajua, na mmoja wao alikuwa jirani yake kabisa kule Koboko.

Siku ya kupanda, alichomwa sindano ya ganzi pajani, na Drani akakata vipande vya ngozi vidogo kama punje za mtama, akavipanga juu ya donda kimoja kimoja, na nafasi kati yao. Bandeji ikafungwa, na amri ikatolewa kwamba isiguswe. Hapo ndipo Afisa alipoonja taabu ya kweli. Donda la miaka kumi lilimfundisha kuvumilia maumivu, lakini halikumfundisha kuvumilia hamu! Alilala akiusikiliza mguu. Aliwauliza wauguzi, akamwuliza mfagiaji, nusura amwulize mbuzi wa jirani wa hospitali.

Bandeji ilipofunguliwa, vipande vingi vilikuwa vimeshika. Kila kimoja kimezungukwa na utepe mwembamba, wa rangi ya waridi, unaong'aa.

"Inatambaa!" Drani alijipiga kofi pajani. "Mama Sadiya, ona, inatambaa!"

"Nimeona! Nimeona, Daktari!"

Wadi nzima ikaja kutazama. Tangu siku hiyo kubadilishwa kwa bandeji kukawa tamasha. Visiwa vile vya ngozi vilinenepa, viwili vikagusana na mahali pa kugusana pakatulia, kisha vingine vikagusana, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakabishana ni kipi kitamfikia mwenzake kwanza. Ukingo ule mgumu nao ukalainika. Mwishowe lilibaki tundu moja dogo katikati, kama harage. Harusi ilikuwa imekaribia, na Drani akamruhusu kwenda nyumbani kwa masharti. Asibebe kuni, asianike mguu juani, asiusogeze karibu na moto.

"Na kucheza?"

Drani akajikuna shingo. "Kidogo. Pole pole. Kama bibi mzee."

Kama bibi mzee! Afisa alicheka njia nzima mpaka Koboko. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na huyu kipya chake kilikuwa ngozi, basi mtamlaumu? Aliwaonyesha watu muundi wake sokoni, msikitini kwa upande wa wanawake, hata kwa jirani yule mla mipaka.

Siku moja kabla ya harusi, mchana, nyumba ilijaa wanawake. Bibi harusi amefungiwa chumbani, anasingwa mafuta ya manukato na kufukizwa moshi. Hiyo ndiyo dukhani, desturi waliyotoka nayo mababu Sudan. Shimo huchimbwa sakafuni, hutiwa makaa na vijiti vya mti wenye harufu, na mwanamke huketi juu yake amezungushiwa blanketi mpaka shingoni, moshi umwingie na joto limtoe jasho. Mama wa bibi harusi naye hustahili yake. Afisa hakuwa ameketi dukhani tangu mwaka wa kukimbia, kwa ajili ya donda.

Mama Madinah, dada mkubwa wa marehemu mama yake, ndiye aliyeamrisha mambo siku hiyo. Akamshika mkono. "Njoo, binti yangu. Sasa mguu iko mzima. Utatoka mbele ya watu na harufu ya soko?"

"Daktari alisema moto hapana."

"Hii si moto. Hii ni moshi."

Hoja ikamwingia vizuri, maana alitaka imwingie. Akaketi. Lo, utamu ulioje! Jasho likamtiririka, mifupa ikalegea, nyimbo zikapanda. Mguu wa kulia ulipoona joto limezidi, ukamwashia, akauvuta nyuma. Wa kushoto, ule wenye muundi mpya, haukulalamika. Akauacha pale pale karibu na makaa, akiimba.

Blanketi lilipoondolewa, Mama Madinah ndiye aliyeona kwanza. Juu ya muundi palikuwa na lengelenge kubwa, limejaa maji, limetanda karibu ngozi mpya yote.

"Iko nauma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana," alisema Afisa, na hilo ndilo lililomtisha. "Mimi sikusikia kitu."

Nyimbo zikafa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Afisa aliuona ule wake umekwisha kukatwa, chini kidogo ya goti, pale kilipoonyesha kidole. Angeweza kufunga kitambaa, akacheza kesho, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiria jambo hilo, sitamsingizia utakatifu. Kisha akaenda kwenye mlango wa chumba cha bibi harusi.

"Sadiya, mtoto yangu. Nimeunguza ile ngozi. Narudi Kuluva sasa."

Sauti ya Sadiya ilipotoka ilikuwa na machozi. "Nenda, Mama. Mimi nitatoka ndani, nitaolewa. Lakini doluka yangu iko kwako. Usisahau."

Drani alipoona muundi ule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. "Mama Sadiya, mimi nilisema nini?"

"Haikuniambia, Daktari! Hii ngozi haikuniambia moto!"

Hasira ikampungua Drani. "Itaambia na nini? Angalia Koboko. Watu wamerudi?"

"Wamerudi."

"Na simu ya posta, imerudi?"

"Simu? Bado."

"Basi. Seli zimefika, zimejua jirani zao, lakini mishipa ya kubeba habari mpaka kichwani bado. Hiyo inaota pole pole sana. Mpaka ifike, macho yako ndiyo simu." Akalitoboa lengelenge kwa uangalifu, akafunga. "Kama chini pamekufa, tunakata. Kama chini pako hai, zitaanza tena. Tungoje."

Sadiya akaolewa huku mama yake amelala Kuluva, mguu juu ya mto. Saa ya doluka Afisa aligeukia ukuta, akalia.

Bandeji ilipofunguliwa wadi yote ilisogea kutazama. Drani aliinama mpaka pua ikakaribia ngozi. Alikaa hivyo mpaka Afisa akataka kumpiga kofi.

"Daktari, sema!"

"Ziko hai," alisema, na sauti ikampasuka. "Tabaka ya chini iko hai. Zinajigawa, zinatambaa. Na ile tundu ya katikati, Mama Sadiya, itafute. Iko wapi?"

Halikuwapo. Lile tundu kama harage lilikuwa limefungwa, jirani kwa jirani. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akapiga kigelegele, na Afisa akamkumbatia Drani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Alirudi Koboko ameapa kukaa mbali na moto. Mchezo nao aliuogopa, maana muundi ulibaki kimya. Aliubonyeza kila asubuhi, akaufinya, akaukwaruza kwa kucha, na ilikuwa kama kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Sadiya hakumdai kwa maneno. Alimtazama tu mguu, basi.

Mwaka uliofuata Sadiya alijifungua mtoto wa kike, na siku ya kumpa jina ua likajaa watu tena. Afisa aliketi pembeni na ngoma yake kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, siafu wametoka kutafuta pa kwenda, na hakuna aliyewaona wakipita chini ya mkeka.

Ghafla Afisa akatoa ukelele, akaruka juu. Akakanyaga chini kwa mguu wa kushoto, akakanyaga kwa wa kulia, akapiga muundi kwa kiganja, akaruka tena. "Iko nauma!" alipiga kelele. "Ee Mungu, iko nauma! Sadiya, iko nauma!"

Wanawake hawakusikia maneno, waliona miguu tu. Mama Madinah akadaka ngoma iliyoachwa na kuipiga, wengine wakaitikia, vigelegele vikapasua ua. Na Afisa, badala ya kuwaeleza, akaufuata mdundo. Alikanyaga kama zamani, si kama bibi mzee, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na wapigaji wakanyanyua vichwa.

Sadiya alitoka mbio na mtoto mkononi, akaona siafu wawili wameng'ang'ania muundi wa mama yake. Akainama kumtoa wa kwanza.

"Wacha!" alisema Afisa bila kusimama. "Wacha iume kidogo."