Mboga Chungu za Uccia

Kwa miaka ishirini na sita Uccia amewapikia watoto wa shule ya kijiji chetu, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kumuuliza mtu namna ya kupika chochote. Chumvi haonji, anaijua, anasema, kwa harufu. Tumwachie uongo wake, maana mkono wake ni mtamu kweli.

Basi Jumatatu akaja Cosimino kinyozi, mwenyekiti wa wazazi wanaokagua chakula, na barua ya manispaa mkononi. Ijumaa mabaki ya sahani yatapimwa kwenye mizani. Yakizidi kilo tano, jiko litafungwa, na chakula kitakuja kwa lori kutoka mjini, kimefunikwa plastiki.

"Ijumaa ni zamu ya nini, shangazi?"

"Rojo la maharage mapana na mboga chungu."

"Mama yangu. Si uweke tambi tu?"

"Ratiba ni ratiba. Na mboga ni za shamba la Bibi Pompea, zinachumwa asubuhi hiyohiyo. Huko mjini watawapa nini, majani ya friji?"

Hayo yalikuwa ya mdomoni. Moyoni Uccia aliogopa, maana mwezi uliopita watoto walizirudisha zile mboga kama zilivyokwenda, kila mmoja na wimbo uleule: za bibi yangu nyumbani ni tamu zaidi.

Jumatano, maji yalipomfika shingoni, akaenda kwa Bibi Pompea. Bibi akamkalisha, akammiminia kahawa, akangoja kwa raha zake zote.

"Sema tena, mwanangu. Sikio hili halisikii vizuri."

"Nimesema, nifundishe."

"Ahaa. Kwani unawapa siku ileile unayopika?"

"Sheria ndivyo inavyotaka. Kiporo marufuku."

"Ndiyo maana. Nani hapa kijijini alishampa mtoto rojo la siku ya kwanza? Hilo letu wakubwa. Mtoto anakula kiporo, kimechanganywa na mkate mkavu, kikakaangwa mpaka kishike ukoko."

Uccia alirudi akiona haya, kwa sababu hata yeye utotoni hakulishwa jingine. Sheria ilikataza kiporo, ikakataza na kukaanga, lakini mkate wa jana haikuutaja. Ijumaa alfajiri akapika rojo jipya, akalichanganya na mkate na mboga, akalinyunyizia mafuta ya zeituni na kuliacha kwenye oveni mpaka likakauka juu.

Watoto waligombania pembe za sinia. Mwalimu akapima mabaki: kilo moja na ushee. Uccia akajifungia stoo, akalia kwa furaha, kisha akatoka na uso wake wa kila siku, ule uliokunjwa.

Akaiona sahani ya Cosimino, aliyekuja kukagua na kula pamoja na darasa la pili. Ukoko ameula wote. Mboga amezichambua jani moja moja na kuzisukuma ukingoni.

"Na hizi zipimwe?"

"Mimi mkaguzi tu, shangazi. Nimeonja."

"Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa unaniambia umeshiba. Nilikusamehe kwa vile ulikuwa mdogo. Kaa."

Cosimino, mwenyekiti, baba wa watoto wawili, akakaa tena kwenye kibenchi kile kifupi, magoti karibu na kidevu, na darasa zima la pili likamsubiri amalize.