Siku Niliyotafsiri Hadi Siri ya Rispa

Hii naisimulia nikiwa nimeangalia chini, na mkicheka nitaelewa, kwa sababu hata mimi kuna siku nacheka peke yangu nikiosha vyombo, halafu nakumbuka sura ya Rispa na kicheko kinakwama. Ni aibu niliyojitafutia mwenyewe, mbele ya kanisa zima, maikrofoni mkononi.

Kwanza mjue kazi yangu. Kanisa letu liko mtaa wa Free Area, la mabati, si kubwa, na akija mhubiri wa Kiingereza mimi ndiye nasimama kando yake kutafsiri, yeye sentensi, mimi sentensi. Nimefanya hivyo miaka tisa. (Niliwahi kufundisha Kiingereza darasa la sita, kwa hivyo watu waliniona msomi, nami sikuwakatalia.) Mtu ambaye hajawahi kutafsiri hawezi kujua utamu wa hii kazi wala hatari yake. Ukishashika mwendo unajisahau, maneno yanaingia sikioni na kutokea mdomoni bila kupita kwako, unaota macho wazi, sauti yako unaisikia iko mbali kama redio ya jirani, na hujui imesema nini mpaka watu waitikie amina.

Rispa alikuwa kiongozi wa kwaya, na alikuwa rafiki yangu kuliko dada zangu wa tumbo moja. Mumewe, dereva wa lori, alipofariki, kanisa lilimsimamia kwa kila kitu na pasta wetu akasafiri naye hadi Kakamega kwenye mazishi. Ndiyo maana siku aliyoniambia anataka kuhama aliniambia kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu jikoni kwake tukikata sukuma wiki. Mamake mzazi anaishi mashambani, huko Bahati, amezeeka, hawezi tena kubaki peke yake na shamba. Rispa angehamia huko, na alikuwa tayari amepata kanisa karibu na mamake, hata Alhamisi mbili alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya yao, akajisikia vibaya njia nzima ya kurudi.

"Usiambie mtu, Mama Ivy," alisema. "Pasta nitamwambia mwenyewe, tukimaliza Jumapili ya akina mama. Sitaki afikirie nimewatoroka."

Nikamwahidi. Nikanyamaza miezi minne, na hapo naomba mnipe haki yangu, miezi minne bila kumwambia hata mume wangu, ambaye mnajua vile ananipekua.

Zikiwa zimebaki wiki mbili hiyo Jumapili ifike, akaja mgeni kutoka Zambia, mzee mwembamba, mpole, wa Kiingereza kitamu. Asubuhi hiyo nilikuwa na mafua, na pasta akaniuliza, "Mama Ivy, nitafute mwingine akusaidie leo?" Ningesema ndiyo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini niliwaza nani mwingine, yule kijana wa vyombo vya muziki? Nikasema niko sawa, nikameza vidonge viwili vya mafua, vile vya kuleta usingizi, nikapanda jukwaani.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na sasa jua lilikuwa limetoka, mabati yanatoa mvuke, na ile karatasi ya plastiki waliyoweka kwenye paa ili iingize mwanga ilikuwa inamwaga mwanga wa manjano juu ya watu wote, na vumbi likipanda polepole ndani yake. Nilikuwa naona vizuri na siko hapo. Kwaya ilikuwa imekaa upande wangu wa kushoto na kanzu zao za zambarau, Rispa mbele, amefunga macho.

Mgeni akasema Waingereza wana maneno mengi ya kuachana, kwa sababu watu wana njia nyingi za kuachana, na kila neno lina kidonda chake.

"Betrayal," akasema.

"Usaliti," nikasema.

"Treachery."

"Usaliti."

"Disloyalty."

"Usali..."

Mzee Wafula, mzee wa kanisa anayekaa kiti cha mbele kabisa, akakohoa. "Mama, hilo umeshatupatia."

Watu wakacheka, kicheko kizuri tu, lakini mimi kikanichoma. (Usiku wa hiyo siku, nikiwa kitandani, yalinijia yote, hila, hiana, uhaini, ukosefu wa uaminifu, yamejipanga. Kiswahili kilikuwa nayo. Ni mimi sikuwa nayo.) Hapo nikaamua kwamba maneno yakikosekana nitatumia mifano. Watafsiri wote tunafanya hivyo, mhubiri anasema tufaha, wewe unasema embe, watu wanaelewa na Mungu anaelewa.

Mgeni akaanza kufafanua, taratibu. Hilo la kwanza ni tendo, akasema, lina siku na saa yake. Nikasema, "Hilo la kwanza ni mtu kukutoa kwa adui, na siku yenyewe hutaisahau." Amina. La pili ni tendo lile lile lakini limepangwa na limevalishwa tabasamu. Nikasema, "La pili ni kukutoa baada ya kukupikia chai na mandazi." Amina kubwa, akina mama wakapiga makofi, na mimi, nitadanganya nini, nilivimba. Nilikuwa naelea. Mgeni akashusha sauti, akasema hilo la tatu liko moyoni tu, halina tendo bado, hakuna aliyeondoka bado.

Na ile sauti ya mbali, tamu, ya kwangu, ikasema, "La tatu halina tendo. Mtu bado tuko naye. Ni kama anatuongozea kwaya hapa Jumapili, na Alhamisi yuko mazoezi Bahati."

Hakukuwa na amina. Naapa, nilisimama pale nikiwaza huo mfano ni mzuri, umetoka wapi.

Halafu vichwa vikaanza kugeuka kuelekea kwaya, kimoja kimoja, bila haraka, na Rispa akafungua macho. Hakumtazama mtu mwingine. Alinitazama mimi. Pasta alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini usingizi wote uliniruka kwa pamoja, nikaingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu na maikrofoni ni hatari. "Simaanishi Rispa," nikasema. "Rispa anahama kwa sababu ya mamake. Hajakataa kanisa. Alikuwa aseme baada ya Jumapili ya akina mama."

Mgeni, maskini, hakuwa na Kiswahili. Aliona kanisa limetulia akafikiri neno limeingia. Akaniwekea mkono begani kwa upole, akaendelea: la nne, akasema, ni pale mtu anapokabidhiwa kitu akitunze, naye akakitoa. Akaningoja nitafsiri.

"La nne," nikasema, "ni mtu kupewa kitu akiweke, akakitoa."

"Sauti, mama," Mzee Wafula akasema.

Ikabidi nirudie kwa sauti.

Baada ya mahubiri kwaya iliimba, na Rispa aliongoza kama kawaida, hakukosea hata noti moja, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angekosea. Pasta alimwita kando, akamwombea akiwa amemshika mkono, muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma ya hema la chai nikishika kikombe nisichokunywa, mpaka Rispa akanijia.

"Mama Dan," nikaanza, nikimwita kwa jina la mwanawe, "ni zile dawa, wallahi sikujua..."

"Miezi minne uliweka," akasema. Hakupaza sauti. "Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nilikuwa nimepanga vile nitamwambia pasta. Nilitaka aniombee akiniachilia. Sasa ameniombea kama mtu ameshikwa."



Nilirudisha maikrofoni na sijaishika tena. Yule kijana wa vyombo ndiye anatafsiri siku hizi, na anatafsiri vizuri, kinachosemwa na basi. Na mtu akianza kuniambia "usiambie mtu", namkatiza kabla hajamaliza, namwomba aende kwa mwingine. Wananiona nina maringo. Waache wanione hivyo, nimeapa.

Rispa alihamia Bahati mwezi uliofuata. Hatujakosana, msifikirie hivyo. Hunipigia simu, nami humpigia, tunacheka, ananiambia mvua imeshika, viazi vimekubali, ng'ombe amezaa. Mwezi uliopita mamake alilazwa hospitalini siku sita, na hilo nilikuja kulisikia kwa watu wengine. Katika hizo siku sita Rispa alinipigia mara mbili, na mara zote mbili tuliongea viazi.