Mtani Mwenye Sindano

Figo za mke wangu zimechoka, kwa hiyo husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Kila safari huchomwa sindano mbili nene mkononi. Hizo ndizo alizoziogopa kuliko ugonjwa wenyewe, hadi akaanza kusema heri aache. Wakati huo watafiti walikuwa wakijaribu dawa ya kupaka ya kutia ganzi. Wengine walipakwa dawa, wengine mafuta matupu, na hata muuguzi hakujua nani kapata nini. Baada ya kuchomwa, mgonjwa hutaja maumivu yake kati ya sifuri na kumi. Mimi ndiye niliyemshawishi mke wangu akubali kushiriki. Ninatengeneza pampu za maji Kizota, na mambo ya figo na mishipa nimejisomea mwenyewe.

Muuguzi aliyepangiwa alikuwa Mhehe. Sisi ni Wagogo, na Wahehe ni watani wetu.

“Mgogo, lete mkono,” alisema siku ya kwanza. “Mlenda mnaokula umeingia hadi kwenye mishipa. Naigusa, inateleza!”

“Afadhali mlenda kuliko nyama inayobweka,” mke wangu akamjibu.

“Ikishatiwa chumvi inanyamaza.”

Mke wangu akacheka, na kumbe sindano zimeshaingia. Alipoulizwa maumivu, akasema mbili. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya ganzi. Muuguzi akanigeukia: “Shemeji, nitunzie mke wangu. Nimekuazima tu.”

Mtani ana ruhusa ya kusema hivyo, na kumkasirikia ni aibu. Nikatabasamu. Lakini niliona jinsi mke wangu alivyoanza kuchagua kitenge mapema siku za kwenda hospitalini, na jinsi alivyotunga njiani kejeli za kumpelekea. Nilipomweleza nilichosoma kuhusu ganzi, alisema, “Baba watoto, leo usinieleze.” Nyumbani nikajaribu utani wa mlenda. Akanitazama kwa huruma. “Mlenda si unaula na wewe?”

Kisha muuguzi akahamishiwa zamu nyingine. Nilifurahi. Nilikaa kando ya kitanda, nikamshika mke wangu mkono wa pili. Muuguzi mpya alikuwa mpole na hodari, na dawa ilitoka kwenye kopo lilelile. Mke wangu akasema nane.

Kwenye bajaji, tulipokaribia nyumbani Majengo, akasema, “Sirudi tena kule.”

Asiporudi, nilijua kitakachofuata. Hayo pia nilikuwa nimeyasoma.

Kesho yake nilimtafuta yule Mhehe, nikamwomba ampokee mke wangu kwenye zamu yake.

“Kumbe unanirudishia mke wangu!”

“Kwa muda wa sindano tu,” nikajibu.

Akacheka sana, akanipiga bega, akisema leo nimejua kutania. Sikuwa natania.

Mpaka leo hatujaambiwa kopo la mke wangu lilikuwa na nini. Mimi hukaa nje kwenye benchi, kwa ombi lake mwenyewe, nikitazama mlango. Kicheko chake kikinifikia, najua sindano zimeingia.