Kaburi Ndani ya Yadi ya Reli

Wanaoshuka kutoka Lushoto wakifika Mombo huulizia choo na mishikaki, basi. Yadi ya zamani ya reli haiulizwi na mtu. Mimi nimekulia humo. Baba alikuwa mtu wa gangi, wale wa kutengeneza njia kwa nyundo na mtaimbo, na kota yetu ilikuwa hatua chache kutoka njia ya pembeni, pale mabehewa yalipoachwa yakingoja kupakiwa katani. Mama hakupapenda hata siku moja. "Huku ni kuishi ndani ya jiko la mtu," alikuwa akisema, kisha anamalizia kwa Kishambaa maneno ambayo baba alijifanya hayasikii.

Mdogo wangu alizaliwa masika moja akaishi siku tisa. Barabara ya kwetu mlimani ilikuwa imekatwa na maporomoko, hapakuwa na namna ya kumpandisha. Tena kwetu mtoto mchanga hapelekwi mbali, huzikwa karibu na nyumba ya mama yake. Basi akazikwa nyuma ya kota. Mlimani tungeotesha mche kichwani pake, lakini Mombo jua lingeukausha, na kijiti kingeliwa na mchwa. Baba akafikiri kama mtu wa reli. Akachukua taruma la chuma, lile linalolazwa chini ya reli, akalisimamisha na kulifukia hadi nusu.

"Hili haliliwi," alisema.

Maskini baba, hakujua chuma nacho kina walaji.

Treni zikapungua, halafu zikakoma. Kota zikaezuliwa mabati, kuta zikaanguka hata usijue ipi ilikuwa ya nani, majani yakaota hadi kiunoni. Baba alifariki, tukamzika mlimani, na mama akabaki huko huko. Mimi nikabaki Mombo, mtu mzima mwenye mke, nikaingia kwenye vyuma chakavu. Msinionee huruma, kazi nyingine zilikuwepo.

Siku hiyo tulikuwa wanne na lori linaunguruma. Nilikuta taruma moja limegoma, nikalichokoa kwa mtaimbo, nikavuta. Likatoka wima. Mataruma hulala, na hili lilikuwa limesimama. Nilielewa palepale. Mwenzangu akapiga kelele, "We Msambaa, umelala? Lete!" Nikalipeleka, nikalitupa juu ya mengine. Lo! Ningesema tu, "Ngojeni jamani, hapa pana mtu wangu." Wangengoja, hawakuwa watu wabaya. Niliona aibu. Hata jiwe sikuweka, nikajiambia nitarudi kesho. Kesho yake yadi nzima ilikuwa mashimo, yote yamefanana.

Miaka ikapita nikiwa nimenyamaza. Kisha likabandikwa tangazo kwamba reli inafufuliwa, na mwenye kaburi ndani ya yadi aje alioneshe lihamishwe. Mama alisikia kabla yangu. Alishuka mwenyewe, mzee wa watu, na sanda ndogo ameikunja ndani ya kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado unapajua?"

"Napajua," nikasema.

Mdomo huu! Alitaka jambo moja tu, mwanawe alale mlimani karibu na baba yake, nami nikamwonesha mahali popote. Nilichagua penye msingi uliobomoka, pakafanana fanana. Shehe alikuwepo, wachimbaji wakachimba taratibu kwa adabu zote. Hawakuona kitu. Mmoja akasema mtoto wa siku tisa, miaka yote ile, usitarajie mfupa. Wakazoa udongo wa chini kabisa, wakaufunga kwenye sanda. Mama akaupakata hadi Lushoto na kutoka Lushoto hadi nyumbani, na kila kona ya barabara aliuegemeza kifuani.

Nyumbani wanaume walikuwa tayari wamechimba. Wanawake hawaendi kuzika, kwa hiyo mama akaomba apewe dakika moja ndani amuage. Akaniita mimi peke yangu. Akafungua sanda, akachukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole. Ulikuwa mweusi, una vipande vya makaa ya mawe.

"Nyuma ya nyumba yangu nililima mchicha miaka kumi na moja," akasema. "Udongo wake mwekundu. Huu ni wa kwenye njia ya treni."

Akaninyooshea kiganja niuone.

"Chuma cha baba yako kiko wapi?"

"Nilikiuza, mama."

Nilingoja anilaani. Ningeshukuru. Alirudisha ule udongo wote, hata uliobaki kwenye kucha, akafunga mafundo ya sanda moja baada ya jingine, kwa utulivu ulioniogopesha.

"Wapelekee. Watu wamesimama juani."

Nikaubeba. Tukauzika, dua ikasomwa, nami nikaitikia amina pamoja na wenzangu.

Mama hajakanyaga kwenye kaburi lile tangu siku hiyo, na jirani wanamsema kwamba ana moyo mgumu. Hawajui kwamba akipata gari hushuka Mombo. Husimama nje ya yadi, ambako sasa kokoto mpya zimemwagwa kila mahali, anasoma Fatiha huku akigeuka taratibu kutoka upande huu mpaka upande ule, kwa kuwa hajui amwelekee wapi. Nikimsogelea, hunyamaza hadi niondoke.