Papa bailleur alivyokata rezistansi yangu

Mwenye nyumba wetu, papa bailleur, aliingia chumbani kwangu nikiwa misani na kukata resho yangu kwa koleo. Alinieleza mwenyewe, mlangoni, kwa sauti ya mtu anayengoja asante.

Resho ni jiko la umeme la hapa kwetu Likasi: tofali la udongo lenye mifereji, na ndani yake umelala waya uliosokotwa, tunaouita rezistansi. Ukiungua mahali, unanyofoa kipande kilichokufa, unaunganisha ncha mbili kwa kulabu, unaendelea kupika. Basi mzee huyu, mstaafu wa kiwanda, akawaza kwamba waya ukiwa mfupi utakula umeme kidogo. Akakata wangu nusu. Akakata na wa mke wake.

«Papa, umeharibu,» nikamwambia. «Ukiwa mufupi njo unakulaka mingi.»

«Mutoto na muntu mukubwa, nani anakulaka bukari mingi?»

«Hii haiko muntu, papa. Ni waya!»

«Minye nilitumika na courant mbele hauyazaliwa.» Yaani alifanya kazi ya umeme kabla sijazaliwa.

Nina diploma ya sekondari, sehemu ya sayansi. Miaka yote ile ya kukariri U, R na I za umeme, halafu mtu ananijibu kwa ugali wa bukari! Nilienda kuwapikia mapacha wangu, walikuwa wanalia njaa. Kile kipande alichokata nikakificha sandukuni.

Tangu siku hiyo umeme ulikuwa unaanguka. Resho yangu na ya mama bailleur, yule mke wake, zikiwaka pamoja, disjoncteur, swichi kuu ya usalama, inaruka, tak, parcelle nzima, nyumba zote za ua wetu, giza, na uji wa watoto unabaki maji yenye unga juu. Kosa la nani? La mpangaji, bila shaka. Papa bailleur alisimama uani akatangaza mbele ya wote: atapima kila resho kwa pince yake, na yeyote atakayefika ampea kumi, atamkatia laini leo leo. Mimi nina watoto wawili wa kula uji, na gunia la makala, la mkaa, siwezi kulinunua. Alijua.

Hiyo pince ni chombo chenye mdomo kinachouma waya na kusoma umeme unaopita. Huwa anaivaa kiunoni hata akienda kunywa bia. Akapima kwanza nguvu ya laini: volti 220. Cha ajabu, siku hiyo umeme ulikuwa na adabu. Akaushika waya wa resho yangu inayowaka: ampea kumi.

«Muone! Mwizi ya courant!»

Huku kwetu mama wa mapacha ana ruhusa ya kutukana watu na hakuna anayekasirika. Nilitumia ruhusa yote. Nilipomaliza, nikaokota kaa la makala, nikaandika kwenye ukuta wake alioupaka rangi kwa ajili ya Pasaka.

«Volti mia mbili na makumi mbili, gawa kwa ampea kumi: ohm makumi mbili na mbili. Hii njo rezistansi yenye uliniachia. Zidisha volti kwa ampea: wati elfu mbili na mia mbili. Sasa ngoja, papa.»

Nilizima, nikatoa kipande sandukuni, nikakiunga tena mahali pake. Nikawasha.

«Pima.»

Akapima. Akaitikisa pince. Akapima tena. Ampea tano.

«Gawa, papa! Ohm makumi ine na ine. Wati elfu moja na mia moja. Waya murefu unakatalia courant, mufupi unaiacha ipite. Weye njo ulinifanya mwizi!»

«Pince iko na ugonjwa,» akasema.

«Basi tupime kwa mama.»

Mama bailleur alikuwa ndiyo kwanza amewasha tena resho yake chini ya maharagi, nayo nyekundu kama jicho la mlevi. Tangu ikatwe, maharagi yanaiva haraka, na yeye alimsifu mume wake parcelle nzima. Pince ikauma waya: ampea kumi na moja.

Sote tukamwangalia mzee. Yeye akamwangalia mke wake. Mke hakuacha kukoroga.

«Ulisema ampea kumi unakata, papa,» nikasema. «Kata. Leo utakula bukari kwa jirani.»

Nani angekata? Pince ikarudi kiunoni. Lakini hesabu haikuisha: tano zangu na kumi na moja zake ni kumi na sita, na disjoncteur yetu inavumilia kumi na tano. Ikaruka saa hiyo hiyo, tak, mbele yake. Sasa ilikuwa zamu ya maharagi yake mwenyewe.

Hakuniomba radhi hata kidogo. Aliuliza tu, akiangalia chini, kama nimeona kipande cha ile rezistansi ya mama, kile alichokitupa.

Nilikiona. Mapacha walikuwa wamekifunga kwenye kopo la tomati, wanakikokota uani kama mnyororo wa treni.

«Leteni kwa papa, bana,» mzee akawabembeleza. «Leteni, atawapa beignet.»

Hawakuleta, hata kwa mandazi. Mmoja alishika kopo, mwingine alishika waya, wakakimbia kila mmoja upande wake, na mzee katikati, amepinda mgongo, pince inampiga paja. Mke wake akamfokea kwamba maharagi yanapoa. Ya mama ikiwa imezimwa, nilirudisha disjoncteur, nikawasha resho yangu, nikakaa kwenye kiti, nikakoroga uji. Kwa ampea tano unachelewa kuchemka. Nilikuwa na muda.