"Binti, umezaa wangapi?"

Jamani, leo nimechoka mimi!

Tuko mazoezi ya chuo, kliniki moja huku Mtinko. Zamu yangu kuwafundisha akina mama dalili za hatari kwenye ujauzito.

Sijafika mbali, mama mmoja mtu mzima akanikatiza.

"Binti, umezaa wangapi?"

"Bado sijazaa, mama."

"Basi kaa."

Nikakaa.

Akasimama Elia, mwanafunzi mwenzangu, akasoma daftari LANGU neno kwa neno. Wakampigia makofi! Kwani Elia kazaa lini?

Baadaye mama yuleyule akanivuta pembeni. Mkwe wake mjamzito amevimba uso, kichwa kinamuuma.

"Mambo ya mkwe wangu namwambiaje mwanaume?"

Nikamwambia amlete sasa hivi. Tulipompima, presha ilikuwa juu mno, amepelekwa mjini kwa gari la wagonjwa.

Mama kanishukuru sana. Bado nimemkasirikia. Mnisamehe.